Redio ya Mzee Mawimbi

Tak.

Kabla jogoo wa jirani hajaanza kusafisha koo, Bibi alisikia swichi ya redio ikigeuzwa upande wa pili wa kitanda. Tak. Kisha kimya. Alingoja, kama alivyongoja kila alfajiri tangu redio ile iharibike, asikie mkoromo wa mawimbi, halafu ile filimbi, halafu sauti ya msomaji ikija na kuondoka kama mtu anayezungumza huku akipanda ngazi. Hakikuja kitu. Tak, swichi ikarudishwa. Ikafuata pumzi ndefu, na mkono wa mumewe ukapapasa mgongo wa redio taratibu, kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa.

Bibi alijifanya amelala. Kuna mambo mwanamume hapendi yaonekane, hata na mke aliyezeeka naye.

Fundi redio alikuwa ameshasema neno lake. Aliifungua, akaipuliza vumbi, akaifunga tena. "Mama, vipuri vya hii havipo popote. Hata aliyeiunda akiiona leo ataiamkia shikamoo." Na hakutaka malipo, alisema hajafanya kazi. Bibi alilikumbuka hilo kwa muda mrefu, maana mtu aliyefungua parafujo zote zile angeweza kudai chochote.

Kulipopambazuka Mzee alivaa shati lake safi, akalifunga mpaka kifungo cha shingoni, akatoka barazani akipapasa ukuta. Alikuwa fundi cherehani mpaka macho yalipomwacha mkono, na bado alivaa kama mtu anayetangaza kazi yake. Huko nje kinyozi wa kibanda cha ng'ambo ya barabara alikuwa ameshafika na kikombe chake cha chai. Fundi viatu naye alikuwa ameketi juu ya boksi lake la kazi. Wawili hao hawakuwa wanagusa wembe wala nyundo kabla hawajasikia dunia imelalaje, na ndiyo maana mtaa mzima ulimwita mume wa Bibi Mzee Mawimbi.

"Haya, Mzee Mawimbi," alisema kinyozi. "Wametuambia nini leo?"

Jikoni, Bibi alisimama na mwiko mkononi. Alitega sikio amsikie mumewe akisema kweli, kwamba redio imekufa, jamani, leo sina kitu.

Mzee alikohoa kidogo. "Kuna nchi moja ya mbali," alianza, kwa sauti ileile ya kila siku, "waziri wao amejiuzulu."

"Kaiba?" aliuliza fundi viatu.

"Hakuiba. Amechoka. Amesema anataka kufuga bata."

"Bata!"

"Bata mia nne. Bunge limemsihi, amekataa. Mkewe analia, hapendi kelele."

Mwiko ulimponyoka Bibi ukatumbukia kwenye uji. Alikaa kwenye kigoda akaziba mdomo kwa upindo wa nguo yake, hajui kama anacheka au anataka kulia.

Wale wawili walipoondoka, alimpelekea mumewe kikombe chake cha uji, akaketi kando yake.

"Mzee wangu, hao bata umewasikia wapi?"

Mzee alipuliza uji ambao ulikuwa umeshapoa. "Mama," alisema mwishowe, "mimi sioni. Nguo sishoni tena. Sasa na habari nisiwe nazo? Hao watu watakuja hapa barazani kutazama nini, ukuta?"

Bibi alinyanyuka. Alichukua kikombe akaondoka nacho, akarudi akamfunga kifungo kimoja kilichokuwa kimechomoka.

Basi bata wakaendelea. Siku iliyofuata walitoroka wakaingia ikulu. Siku nyingine ilianguka theluji mahali, watu wakawa wanaingia majumbani mwao kwa kupitia madirisha ya juu, na tarishi mmoja akamkabidhi bibi harusi barua kupitia bomba la moshi. Fundi viatu aliuliza maswali mengi, kinyozi alipiga paja. Mzee alikuwa anashamiri. Bibi alikuwa anakonda kwa wasiwasi.

*

Kilichomponza ni mpira.

Mzee alijua mechi kubwa ilikuwa Jumamosi, maana mtaa mzima ulikuwa unaisema. Jumapili asubuhi alitangaza mbili kwa moja, akataja na waliofunga, la pili likiwa la kichwa. Kinyozi alimaliza chai yake, akavuka barabara, akafungua kibanda na kumpa habari hiyo mteja wa kwanza aliyeketi kitini. Mteja alitoa simu mfukoni. Mechi haikuwa imechezwa kabisa. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, uwanja umejaa maji, wachezaji wamerudishwa hotelini.

Sauti za vicheko zilivuka barabara mpaka barazani. "Kinyozi! Hilo la kichwa lilipigwa na nani, samaki?" Kila aliyeingia kunyolewa alisimuliwa upya. Mzee alikuwa amekaa palepale, uso kuelekea barabarani, na masikio yake yalikuwa mazima kuliko ya mtu yeyote mtaani. Alinyanyuka, akapapasa ukuta, akaingia ndani.

Kesho yake hakutoka. Kinyozi na fundi viatu walipokuja, Bibi aliwaambia mlangoni kwamba Mzee mguu unamuuma.

"Mguu gani?" aliuliza fundi viatu, ambaye kwa kazi yake miguu ilimhusu.

"Wa kushoto," alisema Bibi, na kutoka chumbani sauti ikamwitikia kwa wakati uleule, "Wa kulia!"

Walitazamana. Kinyozi akainamisha kichwa kwa adabu. "Basi yote miwili. Tutamwombea, mama." Wakaondoka taratibu, kila mtu na kikombe chake.

Kesho kutwa hakutoka tena. Alilala ameelekea ukutani. Shati safi lilining'inia msumarini. Alipoletewa chakula alisema baadaye, na baadaye ilipofika alisema ameshashiba. Bibi alikwisha kumwona mtu akijizima namna hiyo, shangazi yake, na hakutaka kumwona mwingine.

Jioni hiyo aliketi jikoni na mke wa mwanawe, aliyekuja kuwajulia hali.

"Mama, kwa nini ununue redio nyingine?" alisema mkwe. "Nitamwekea kwenye simu. Stesheni zote za dunia zimo."

"Ile simu ni kioo kitupu, mwanangu. Ataishika wapi? Juzi amempigia simu mwalimu wa shule akidhani anazima kengele ya kuamshia, wakaongea nusu saa."

Mkwe alicheka mpaka akajishika ubavu. Kisha akaacha. "Na pesa?"

Bibi aliutazama mlango wa jikoni. Mchwa walikuwa wameula upande wa chini wote, na pesa za mlango mpya zilikuwa tayari. "Mlango utaegemezwa gunia," alisema. "Kuku wakiingia, watatukuta tunasikiliza habari."

Mkwe hakubisha. Asubuhi yake alileta gunia, nene, lisilo na tundu, akaliegemeza mwenyewe na kuondoka.

*

Kumtoa Mzee kitandani kulihitaji ujanja, na Bibi hakuishi naye bure.

"Mimi nakwenda dukani kununua redio," aliuambia mgongo wa mumewe. "Kama huji, nitachagua ile yenye rangi nzuri."

Mgongo ulivuta blanketi.

"Nimesikia zipo nyekundu. Tena zina taa zinazochezacheza."

Blanketi likasogea. "Utaletewa boksi la disko," ulisema mgongo.

"Nitajuaje? Mimi si mtaalamu. Natoka sasa hivi, kabla ya jua kali."

Mzee aligeuka. "Sasa hivi? Asubuhi hii? Mama, masafa mafupi mchana hulala! Redio inajaribiwa jua likianza kuinama." Alikuwa ameshaketi. "Shati langu liko wapi?"

Walifika duka la vyombo vya umeme alasiri, mkono wake begani kwa mkewe. Lilikuwa duka lenye taa ndefu darini, feni zinazozunguka na ukuta mzima wa televisheni. Nje ya kioo kikubwa cha mbele wanaume walijazana kutazama mpira bure. Ilikuwa ile mechi ya Jumamosi, sasa uwanja umekauka. Muuzaji, mtu mzima mwenye tai fupi, aliwaona wakiingia akaja na kicheko chake tayari.

"MZEE! HUJAMBO!" alipiga kelele.

"Sijambo, mwanangu," alisema Mzee. "Macho ndiyo yameondoka. Masikio yapo hapa hapa, na yanataka redio."

Muuzaji alimgeukia Bibi, kama vile Mzee ni mzigo alioubeba. "Mama, yeye anatumia umeme au betri?"

"Mimi natumia chai na mkate," alijibu Mzee. "Redio ndiyo itumie betri. Na iwe ya masafa mafupi."

"Hayo siku hizi hakuna anayeyaulizia, mzee. Shika hii. Inachukua kadi, inacheza muziki, na taa zake zinabadilika rangi."

"Na mimi nibadilike rangi niifuate?"

Ililetwa ya pili. Mzee aliipitisha vidole juu yake kama anapima kitambaa. "Ina vitufe vingi, na vyote vinafanana. Gizani nitamjuaje mkubwa wao?" Akairudisha kwa heshima.

Kwenye rafu ya chini kabisa, nyuma ya pasi, Bibi aliona kona nyeusi ya kitu. Aliinama, magoti yakalia, akatoka na redio yenye vumbi na gurudumu kubwa ubavuni. Alimwekea mumewe mikononi. Mzee alilizungusha gurudumu kwa kidole gumba. Akalizungusha tena. Uso wake ulianza kurudi mahali pake.

"Zito," alisema. "Halikimbii. Hili halitaruka stesheni."

Muuzaji aliitia betri, akaiwasha. Ikanguruma kama mvua ya mawe juu ya bati. Mzee alitafuta huku na huku, na kila mahali ilikuwa mvua ileile.

"Mbovu hiyo, ndiyo maana iko chini," alisema muuzaji. Aliisogeza swichi upande wa FM, muziki ukalipuka. "Sikia hapo! Kama wamo ndani!"

"Sitaki waliomo ndani, nataka walio mbali," alisema Mzee. "Redio haina kosa. Ni hizi taa zenu na feni na televisheni, zinaipigia kelele masikioni. Zizimeni."

"Tuzime nini?"

"Vyote."

Muuzaji aliwaita wenzake. "Jamani njooni msikie! Mzee anataka tuzime duka!" Wakaja, wakacheka, mmoja akauliza kama azime na jua. Bibi aliona mkono wa mumewe umeanza kuiweka redio chini taratibu, na akajua kwamba ukifika chini, wataondoka, na atarudi kulala ameelekea ukutani, na hakutakuwa na rangi yoyote ya kumtoa tena.

Aliukamata ule mkono. "Usiweke," alisema. Kisha akawageukia wale wa tai. "Nyinyi mkinunua viatu hamjaribu? Mnajaribia hewani au mnakanyaga chini? Basi na sisi tunajaribu kiatu."

"Kuna nini hapo?" Mwenye duka, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alikuwa anashuka ngazi. Aliwasikiliza wote wakisema kwa pamoja. Aliitazama redio, kisha mikono ile miwili iliyoishikilia.

"Kwa muda gani, mzee wangu?"

"Mpaka msomaji amalize kusalimia."

Mama yule aliuma mdomo asicheke. "Zimeni," alisema.

"Mama, kuna watu wanatazama—"

"Nimesema zimeni. Umeme ninaulipia mimi."

Swichi kubwa ikashushwa. Feni zikapunguza mwendo zikasimama. Televisheni zote zikawa nyeusi kwa pamoja, na nje ya kioo kukatokea mayowe kama nyumba inaungua.

"Penaltiii! Aaah! Nani kazima?"

Mzee hakuwasikia. "Waya," alisema. "Nipeni waya mrefu. Mama, shika ncha hii, nenda mlangoni. Inua mkono. Juu zaidi. Rudi kushoto. Hapo hapo! Usipumue."

Kwa hiyo wanaume wenye hasira walipoingia mlangoni kumtafuta mhalifu, walimkuta ajuza amesimama kwa ncha za vidole, mkono juu na waya mkononi, amebana pumzi. Walisimama. Hakuna aliyejua amwambie nini.

Na ndani ya duka lile lililozimwa mvua ilianza kupungua. Kidole gumba cha Mzee kilisogea kidogo, kikarudi. Ikasikika filimbi nyembamba. Kisha sauti ya mwanamke ilikuja, ikazama, ikaibuka, ikisoma Kiswahili kutoka mbali kusikojulikana. Kwa wengine ilikuwa mkwaruzo tu wenye maneno mawili matatu. Lakini Mzee alikuwa ameinama, sikio limegusa spika, midomo inatikisika.

"Kasemaje?" alinong'ona mmoja wa waliokuja kugombana.

Mzee alinyoosha mgongo. "Anasema mkutano wa bei ya ngano umeahirishwa, hawakuelewana. Kuna mafuriko kaskazini, watu wamehamishiwa mashuleni, hakuna aliyekufa. Na meli iliyopotea imeonekana, mabaharia wote wazima."

"Ah, hao mabaharia!" alisema mwingine, "nilisikia wamepotea." Na wakasogea karibu, mpaka muuzaji mwenye tai akajikuta ameminywa kwenye kabati la pasi.

"Na mpira, mzee? Kasema penalti imeingia?"

Bibi, juu ya vidole vyake, aliacha kupumua kwelikweli.

"Ya mpira hajaisema," alijibu Mzee. "Na mimi nisichokisikia siwaambii."

Wakakubali. Mmoja hata alisema asante.

Umeme uliporudishwa, Bibi alifungua fundo la kitambaa chake akatoa mlango wa jikoni wote, akauweka kauntani. Mwenye duka alihesabu, akafunga redio kwa karatasi yeye mwenyewe, kisha akauzungusha na ule waya akautia ndani.

"Waya hatukununua, mama," alisema Bibi.

"Ushaushika wewe, na umeshakuzoea. Nitamuuzia nani mwingine?"

Mlangoni muuzaji aliwafuata. Alikohoa. "Kuna ngazi mbili hapo, mzee," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "ya pili ni ndefu kidogo."

*

Alfajiri redio mpya ilikoroma, ikapiga filimbi, ikasema. Bibi hakujifanya amelala. Walisikiliza wote wawili, kuku mmoja akiwa amepita juu ya gunia na kusimama mlangoni mwa chumba.

Kulipokucha Mzee alivaa shati, akatoka barazani, akakaa. Muda ukapita. Kinyozi hakuja. Fundi viatu naye hakuja. Bibi aliwaona ng'ambo, wameketi kimya mbele ya kibanda na vikombe vyao, wakitazama upande mwingine kwa bidii sana.

"Hawaji," alisema Mzee.

"Wapo ng'ambo."

"Basi nipeleke."

Hakuwa amewahi kuvuka barabara ile kuwafuata. Wao ndio waliokuwa wakija. Bibi alimshika kiwiko, wakangoja baiskeli mbili zipite, wakavuka. Wale wawili waliinuka kwa haraka, chai ikamwagika.

"Babu! Mguu umepona?"

"Haukuwa mguu," alisema Mzee. Alisimama wima, kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mkuu wa shule. "Mwanangu kinyozi, walikucheka kutwa nzima kwa sababu yangu. Redio yangu ilikuwa imekufa. Ile mechi niliitunga. Na yule waziri na bata wake, naye—"

"Babu, ya bata tulijua," alisema kinyozi.

"Mlijua?"

"Waziri gani huyo aache gari la serikali akafuge bata?"

"Mbona hamkusema?"

Kinyozi alitazama kikombe chake. "Tungesemaje? Ulikuwa unazisimulia vizuri kuliko za kweli. Ya mpira ndiyo nilijisahau, nikaamini." Akacheka. "Na waliocheka walikaa, babu. Siku ile nilinyoa mpaka mkono ukafa ganzi."

"Sasa leo mbona hamkuja?"

Fundi viatu alijikuna shingo. "Siku mbili tumerudishwa mlangoni. Tukasema labda tunamchosha mzee. Labda alikuwa anatuvumilia tu miaka yote hii."

Mzee alinyoosha mkono ukapapasa hewani mpaka ukalipata bega la fundi viatu, ukabaki hapo. Kinyozi aliingia ndani akatoka na kiti kikubwa cha kunyolea, kile cha wateja chenye mto, akakiburuta mpaka nje akamketisha. Bibi alipewa boksi la fundi viatu, likafutwa kwanza kwa kitambaa, kisha kwa shati.

Mzee akawapa habari. Ngano, mafuriko, na mabaharia waliokuwa wamefika bandarini usiku. Zilikuwa habari kavu, na alizisema zilivyo, bila kuzitia chumvi. Fundi viatu alipiga miayo mara moja akaomba radhi. Hakuna aliyeondoka mpaka mteja wa kwanza aliposimama mbele yao akiuliza kiti chake kiko wapi.

Bibi alimnyanyua mumewe, wakageuka kuvuka. Walikuwa wameshafika katikati ya barabara kinyozi alipoita, wembe mkononi, mteja amejaa povu nusu ya uso.

"Babu! Kesho uje tena. Hata usiposikia kitu, uje."